Shangazi, jamaa wa kazini anasema notibuku yangu ni kitabu cha watoto kuchorea

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Kasarani, nafanya kazi kwa ofisi moja Ngong Road ambayo sitaitaja. Kazi yetu ni bei za vyakula. Kuna watu wetu wanaamka mapema kabisa wanaenda Marikiti, Kangemi, Gikomba na masoko mengine huko kaunti, wanauliza bei ya viazi, nyanya, sukuma, mahindi, wanatuma kwa simu, halafu hiyo data yote inanishukia mimi niielewe na nitoe ripoti. Nilisomea takwimu, programu nilijifunza tu mwenyewe, lugha ya Python na pandas, chombo chake cha majedwali ya data, na tangu nianze nimekuwa mtu wa notibuku za Jupyter, zile kurasa za kuandika programu kwa vipande vinavyoitwa seli, jibu likitokea chini ya kila kipande.

Shangazi, mi hupenda hiyo kazi sana. Naandika kamstari kamoja, nabonyeza Shift na Enter, naona jibu papo hapo, jibu linaniletea swali lingine, naandika mstari mwingine. Hivyo ndio nilipata ile maneno ya lumbesa. Nilikuwa nachora histogramu ya bei ya gunia la viazi, ile grafu ya kuonyesha kila bei imetokea mara ngapi, nikaona vilima viwili badala ya kimoja, nikashangaa, nikachimba, kumbe kuna watu wanatuma bei ya gunia la kilo 50 lile la kisheria na wengine wanatuma bei ya lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, na zote zimeandikwa tu "gunia". Hakuna mtu ofisini alikuwa ameona hiyo kitu, na nisingeiona kama singekuwa nachezacheza na data.

Shida ni vile mambo yamekuwa makubwa. Notibuku yangu ya viazi imekuwa ndefu mpaka nikiskrol naboeka, nina faili zinaitwa viazi_mwisho, viazi_mwisho_kweli, viazi_mwisho_kweli2, na saa zingine sikumbuki seli gani niliikimbiza kabla ya gani. Laptop ni ya memori ya GB 8 na betri ilishakufa, kwa hivyo stima ikipotea kila kitu kilichokuwa kwa kichwa cha mashine kinaenda, nianze upya kusoma faili za CSV (majedwali ya maandishi matupu), kusafisha, kuunganisha masoko, na hiyo ni karibu nusu saa kabla niulize swali la kwanza.

Halafu tukapata injinia mkuu mpya. Ni mtu mzima kunishinda na anajua kazi, sitasema uongo. Yeye anaishi ndani ya Emacs, programu ya kuandikia msimbo, kila kitu chake kiko kwa faili safi, kuna testi za kuhakikisha msimbo unafanya kazi, kuna Git ya kuweka historia ya kila badiliko. Aliomba notibuku yangu akaikimbiza kwa mashine yake ikakufa seli ya tatu, ikisema jina fulani halijulikani. Kwangu ilikuwa inafanya manake hiyo seli niliifuta kitambo lakini jina likabaki kwa memori. Hakunigombeza. Alingoja mkutano wa Jumatatu akasema mbele ya watu wote ati notibuku ni kitabu cha watoto kuchorea, kazi ya watu wazima iko kwa faili. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, lakini nilienda nyumbani na hiyo kitu kwa roho.

Nimejaribu njia yake. Naandika skripti, naikimbiza yote kutoka juu, nangoja, inakufa mwishoni sababu nimesahau mabano, narekebisha, nangoja tena. Kuangalia grafu moja tu inakula asubuhi. Hata Emacs nilikaa nayo wikendi nzima, nikatoka nikijua vile ya kuifunga pekee, na hiyo pia nilitafuta kwa Google.

Mkataba wangu unaangaliwa mwisho wa mwaka. Nauliza, niachane na notibuku kabisa? Kuna njia ya watu walioiva ya kuchunguza data haraka bila kuharibu nyumba? Na huyu jamaa nitamkaribia aje asione kama mimi ni mbishi?

Ni mimi,
Mchanganuzi wa Kasarani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo Jumatatu. Nimesoma barua yako mara mbili na nikaona kile kicheko kimeingia kila mahali, hata pale unaongea juu ya betri ya laptop. Kwa hivyo kabla tuguse kompyuta acha nitenganishe vitu, unaniambia kama nimekukosa. Naona kuna kungoja, ile nusu saa kabla ya swali la kwanza. Kuna mparaganyo, yaani kutojua kilichoko kwa memori kimetoka wapi. Na kuna kuaibishwa. Vyote vitatu umevifunga kwa fundo moja ukaliita "notibuku", na pengine hata huyo bwana amefanya hivyo hivyo, ndio maana mnaongea na hamsikilizani.

Hebu tuanze na kungoja, manake naona huko ndiko unapoteza siku zako na cha ajabu hakuna uhusiano mkubwa na notibuku. Ungekuwa kwa Emacs ungengoja hiyo nusu saa vilevile, si umeona ulipojaribu skripti. Kinachokuchelewesha ni kwamba kila ukianza unarudia kazi ile ile ya jana ya kusoma na kusafisha. Sasa, ukishasafisha na kuunganisha masoko, kitu gani kinakuzuia kuandika matokeo kwa diski, kwa mfano kwa faili ya Parquet, halafu uchunguzi wako uanzie hapo? Parquet inapanga data kwa safu, si kwa mistari kama CSV, kwa hivyo ukitaka tarehe, soko na bei peke yake unasoma hizo tatu unaacha zingine zilale, na aina za data zinabaki vile uliziweka, hakuna kukisia tena tarehe ni tarehe ama ni maandishi. Na majina ya masoko, "Kangemi" imeandikwa mara elfu ngapi kwa jedwali lako? Ukiiambia pandas hiyo safu ni ya aina ya category, inahifadhi kila jina mara moja na kuweka namba ndogo mahali pengine pote. Kwa laptop ya GB 8 hiyo si mapambo. Na stima ikipotea unapoteza maswali ya asubuhi, hupotezi msingi.

Lakini uwe macho, hiyo nakala ya diski ina ujanja wake. Watu wenu wa Marikiti wanatuma bei mpya kila siku, na mtu anaweza kukaa wiki nzima akichora grafu nzuri za data ya zamani kwa sababu alisahau kuijenga upya. Wengine huweka tarehe kwa jina la faili, wengine hutumia kitu kama joblib ambayo inakumbuka jibu la funksheni (kipande cha msimbo chenye jina lake) na kuirudia ukibadilisha kile unachoipa, ingawa ukiipa jina la faili tu na yaliyomo ndani yakabadilika, yenyewe haitajua. Kuna wale pia watakuambia chukua sampuli ndogo uchunguze nayo haraka. Ni sawa kwa kuandika msimbo, lakini wewe jiulize kama lumbesa ingeonekana kwa sampuli ya mistari mia mbili ya kwanza, na kama hiyo mia mbili yote ilitoka soko moja.

Tuje kwa mparaganyo. Hapa mwanangu huyo bwana hajakosea, hata kama alichagua maneno mabaya. Mwaka 2019 watafiti wa Brazili na Marekani walichapisha utafiti juu ya notibuku zaidi ya milioni moja zilizowekwa wazi GitHub, mtandao wa watu kuweka msimbo wao, na zile walizojaribu kuzikimbiza upya, karibu robo tu ndizo zilifika mwisho bila kufa, na zilizotoa majibu yale yale ya mwanzo zilikuwa kama asilimia 4. Seli ya tatu iliyokufa kwa mashine yake ina ndugu wengi duniani. Mwaka 2018 kwenye mkutano wa watu wa Jupyter wenyewe huko New York, Joel Grus alisimama akasema wazi hapendi notibuku, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa hiyo, jina linabaki kwa memori na seli iliyolizaa haipo tena. Sasa sikia upande wa pili, mwaka huo huo Netflix walieleza vile wanakimbiza kazi zao za data kwa notibuku, tena kwa ratiba, usiku kwa mchana. Watu wazima hao na wale, na hawakukubaliana.

Na hiyo Emacs anayokutishia nayo, unajua iliandikwa sehemu kubwa kwa Lisp, lugha ya zamani ya programu? Watu wa Lisp ndio wamekuwa wakiongea na programu iliyo hai tangu zamani, unaandika kipande, unakituma, unapata jibu, programu haijazimwa, unabadilisha kipande unakituma tena. Kwa Emacs mpaka leo mtu wa Python anaweza kuweka kishale kwa funksheni moja akaituma peke yake kwa Python inayokimbia kando. Hiyo ni Shift na Enter yako, imevaa nguo zingine. Fernando Pérez alipoanza IPython, njia ya kuongea na Python mstari kwa mstari, mwaka 2001 alikuwa mwanafunzi wa fizikia aliyetaka kuchunguza data yake bila kusumbuka, na ni kutoka hapo Jupyter ilizaliwa 2014, jina likikumbusha lugha tatu za programu, Julia, Python na R. Kwa hivyo nina swali, umewahi kukaa kando ya huyo bwana ukamwona akifanya kazi? Umeona faili zake zikiwa zimeisha. Hujaniambia umeona vile zinaanza. Mimi ningeshangaa sana kama hana mahali anachezacheza kabla kitu hakijawa safi.

Njia ziko kadhaa na kila moja inauma mahali.

Unaweza kubaki na notibuku lakini ipunguze mzigo. Ukiona kitu unakikopi kutoka notibuku moja hadi nyingine, kwa mfano hiyo hesabu ya kutofautisha lumbesa na gunia la kilo 50, kitoe ukiweke kwa faili ya kawaida, iite hata usafi.py, halafu kwa seli ya kwanza andika %load_ext autoreload na ya pili yake %autoreload 2. Kuanzia hapo ukibadilisha faili na kuihifadhi, notibuku inaisoma upya kabla ya kukimbiza seli inayofuata, hujaristati na data yako nzito bado iko kwa memori. Mi hii ndio naipenda, sitaficha, kwa sababu lumbesa inaweza kupata testi yake huko kwa faili, kitu huyo bwana ataelewa mara moja, na wewe bado unabonyeza Shift na Enter. Lakini autoreload si mchawi. Vitu vilivyozaliwa na toleo la zamani saa zingine vinabaki na tabia ya zamani, unatafuta kosa jioni nzima na halipo, kumbe ilikuwa tu uristati. Na ukihamisha mambo mapema sana unajikuta na funksheni nyingi za maswali uliyouliza mara moja na hutauliza tena. Lini kitu kimeiva cha kuhamishwa? Mimi hungoja nikihitaji mara ya pili, rafiki yangu mmoja hungoja ya tatu, na sijui nani ako sawa.

Ukifanya hivyo, ile amri ya kuristati na kukimbiza seli zote kutoka juu inakuwa rahisi, manake msingi unasomwa kwa diski na hungoji tena nusu saa. Wengi hawaifanyi sababu inachukua muda, na muda ulikuwa ni ule wa CSV. Ungeikimbiza kabla ya kumpa mtu notibuku, seli ya tatu ingekufia wewe kwanza, kwa dawati lako, bila mashahidi.

Njia ingine ni kuandika faili ya kawaida ya .py na kuigawa kwa alama ya # %%. VS Code na Spyder, programu zingine za kuandikia msimbo, zinaielewa hiyo alama, unabonyeza na kipande kinakimbia na grafu inatokea pembeni. Raha yake ni Git. Notibuku ndani ni JSON, maandishi ya mashine yenye mabano mengi, na picha zimeshonewa humo, ukibadilisha herufi moja Git inakuonyesha takataka ya ukurasa mzima, lakini faili ya .py inasomeka na mtu anaweza kukupa maoni mstari kwa mstari. Kuna pia Jupytext inayofunga notibuku na faili ya .py pamoja, wewe unaona notibuku, yeye anaona faili, kila mtu alale. Ubaya ni kwamba grafu hazikai ndani ya faili, na kama ripoti zako hutolewa kwa kuonyesha notibuku yenyewe kwa wakubwa utaikosa hiyo. Tena usidhani mparaganyo umeisha, ni Python ile ile iliyo hai nyuma, jina lililofutwa bado linaweza kubaki.

Kuna hizi mpya ambazo seli zinajuana. Watu wa Julia wana Pluto, Python kuna marimo. Ukibadilisha seli, zote zinazoitegemea zinakimbia zenyewe, na ukifuta seli majina yake yanaondoka nayo, kwa hivyo ile ajali ya seli ya tatu haiwezi kutokea vile ilitokea. Marimo hata inahifadhi kila kitu kama faili ya .py. Inasikika tamu, na ni tamu, mpaka uguse seli ya juu yenye kuunganisha masoko yote na laptop yako ianze kupumua juu juu, ingawa unaweza kuipanga isikimbize mpaka uiambie. Pia jina moja haliwezi kutengenezwa kwa seli mbili, na kama una ile tabia ya kuita kila jedwali df, df, df, utaumia mwanzoni. Alafu uko peke yako ofisini kwa hiyo, ukikwama utamuuliza nani?

Emacs yenyewe siisemi vibaya. Kama moyo wako unaitaka, ichukue polepole, ni ya miezi. Nitakuuliza tu, ungeitaka kama hakuna mtu angecheka ile Jumatatu? Na usiijaribu ukiwa na ripoti ya kesho, tafadhali.

Sasa huyo bwana. Umeniambia hakukugombeza, na umeniambia alikuaibisha mbele ya watu, na nadhani vyote ni kweli. Unachukulia alikuwa anapima kama wewe ni programa ama si programa. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa ameshindwa kukimbiza kazi ambayo yeye ataulizwa juu yake siku ukiwa likizo, akaogopa, akatania. Mimi simjui, wewe unamwona kila siku. Unaweza kumwendea peke yake, saa ya chai, umwambie kile kifungu cha kuchorea kiliniuma, na hapo hapo umwombe akuonyeshe vile yeye huanza na data asiyoijua. Hatari yake ni kwamba kuna watu wakiambiwa wameumiza mtu wanajitetea, na utatoka na fundo kubwa zaidi. Unaweza pia kuacha maneno na umpelekee usafi.py na testi ya lumbesa, umuulize anaionaje. Hiyo ni salama, lakini kama kicheko ndicho kinakukosesha usingizi, testi haitakitoa. Ama uongee na bosi wenu kwanza kwa sababu ya mkataba, na hapo fikiria itaonekana vipi kama injinia atasikia kutoka juu kabla asikie kutoka kwako.

Kitu kimoja ningependa ukiweke wazi popote utakapoongea. Huwezi kuandika testi ya kitu hujui kipo. Lumbesa haikuwa kwa orodha ya mtu yeyote, si injinia, si bosi, si wale waliotengeneza fomu ya simu. Ilitoka kwa mtu aliyechora grafu bila kuambiwa. Baada ya kuonekana, hapo sasa faili safi na testi zina kazi ya kufanya, na hapo mwombe akusaidie, manake hiyo ndio kazi yake nzuri. Kama yeye anadhani hatua ya kwanza ni kuchorea, pengine hajawahi kuambiwa vile lumbesa ilipatikana. Ulimwambia?

Niandikie tena, lakini kabla uandike chukua siku moja ya kawaida uweke %%time, amri ya kupima muda wa seli, juu ya zile seli nzito, uone hiyo nusu saa inaliwa na nini hasa, kusoma CSV, kusafisha ama kuunganisha. Ikiwa ni kuunganisha, nitumie vile umeandika hiyo seli, bila data, tuiangalie pamoja.

Shangazi